Linalia Kushoto

Usiniambie kwanza ulichoambiwa kule Barani,
bwana Mwadzombo. Zima injini.
Acha nilitazame limesimama,
maana gari kuukuu, kama mtu mzima,
husema zaidi likinyamaza.

Limeinama. Umeona?
Kutoka ukingo wa matigadi hadi tairi,
upande wa kulia: shubiri moja na vidole vitatu.
Kushoto shubiri haitimii,
kiganja kinagota kwenye mpira.

Shokapu mpya, unasema. Mara mbili kwa mwaka mmoja,
ukazifuata Mombasa kana kwamba Malindi hakuna duka.
Haya. Naegemea bodi kwa uzito wangu wote, naachia:
linapanda, linashuka, linatulia.
Mara moja tu. Shokapu hazina kosa.
Ulimlipa daktari wa meno
nawe waumwa goti.

Lilie tulisikie. Chengo, endesha
hadi kwenye tuta la Maweni urudi,
mimi nakuja nyuma kwa miguu.
Kwa-kwa. Kimya. Kwa-kwa-kwa.
Si nati iliyolegea, hiyo hucheka;
si bushi zilizokwisha, hizo hunung'unika
kama mlango wa choo usiku.
Hiki ni chuma kinachogonga chuma mwenziwe.
Na tazama mwendo wake: pua yaelekea Gongoni,
makalio yaelekea baharini.
Kaa mtupu.

Jeki. Mawe mbele ya magurudumu. Magogo chini ya chesisi.
Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee;
kidole hiki cha nusu ndicho cheti changu.

Mafuta ya taa, brashi ya waya,
na chumvi ikaanza kudondoka.
Miaka kumi na tisa ya magunia, bwana,
nyeupe kwenye kila mshono,
nikilamba mdomo naionja.
Bamba la kwanza zima. La pili zima.
La tatu limekatika, na mkato ni wa zamani,
kutu yake nyeusi, si nyekundu.
Bolti ya kati imekatika nayo,
ekseli imerudi nyuma unene wa dole gumba.
Hapo ndipo kaa alipozaliwa.

Bolti za U zikagoma. Tukazipaka mafuta,
tukanywa kahawa, tukazigonga, zikagoma,
Chengo akazitukana kwa Kigiriama, zikagoma,
tukaleta moto.

Adhuhuri springi ilikuwa chini juu ya gunia,
mabamba yamepangwa mkubwa kwa mdogo
kama watoto wanaosubiri kunyolewa.
La tatu nimelipata kwa Bi Mwanakombo wa vyuma chakavu,
la gari lililokufa, lakini mkunjo ni uleule.
Bolti mpya. Grisi kati ya bamba na bamba.
Nati za bushi nimezikaza gari likiwa chini,
limebeba uzito wake;
ukizikaza likiwa hewani unazinyonga.

Lakini sikuridhika. Kwa nini kushoto tu?
Barabara yako ina mashimo pande zote.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
ila springi haina mwenzio,
kila mzigo ni wake.
Nikazunguka, nikavuta komeo la ubavu wa kushoto:
ubao ukashuka. La kulia
likanitazama tu.

"Ah, hilo," ukasema. "Hilo tumeliacha.
Twapakia kwa upande huu."
Tangu lini?
"Tangu Nyevu azaliwe."
Nyevu yuko darasa la saba.

Komeo ni shilingi mia mbili,
nawe umesimama hapa wabishana nami juu ya mia mbili,
wewe uliyenunua shokapu nne bila kuuliza.
Basi sikubadilisha. Nimeligonga, nimelipaka grisi,
likafunguka kwa sauti ya mtu
aliyekuwa na neno kooni.
Silitii kwenye risiti.

Nenda. Ukifika tutani zima redio,
usikilize.
Na ile springi ya kulia ina umri uleule, ujue.
Sijaigusa, pesa zako ziliishia hapa.
Tutaonana baada ya mvua.